Puto la Tisa

Maputo manane yamepasuka tangu Jumatatu.
Fundi Nevzat hacheki tena; anahesabu tu.

La tisa nalipaka povu, nalishika fundoni,
naulaza wembe kama ulimi wa paka.
Nje mvua ya Trabzon. Chai inapoa.

Povu linatoka. Puto zima,
jekundu, lenye haya kama shavu.

Ndipo fundi anavua miwani,
anaketi kitini, anaegemea nyuma.
Ndevu kazitia maji mwenyewe.
"Haya, Orhun. Hili halipasuki,
linavuja tu."

Chini ya taya mshipa unadunda.
Mkono uliokuwa wangu asubuhi
sasa nauazima kwa Mungu.

Krr, unasema wembe. Krr.
Pale kidevuni, tone.

Fundi hafumbui macho:
"Endelea.
Nusu uso hauendi nyumbani."