Kisahani cha Kumi na Saba

Alfajiri Kutaisi, ukungu wa mto bado haujaondoka madirishani.
Nafungua kabati la joto: nyuzi thelathini na saba,
sawa na kwapa la mtoto.
Visahani vimelala kifudifudi, kama nilivyovilaza jana.

Kazi yangu ni kupima utupu.
Vipande sita vya karatasi, kila kimoja kimelowa dawa yake;
penye dawa inayoweza, bakteria hurudi nyuma,
huacha duara safi, kama pale kikombe kilipokaa
kwenye meza yenye vumbi.
Naweka rula. Milimita ishirini na mbili: nyeti.
Milimita sita, yaani upana wa karatasi yenyewe:
sugu.

Cha tisa kimeshuka kutoka ghorofa ya tatu,
cha Anzor, fundi wa reli, wiki ya nne yuko na mpira wa mkojo.
Hakina duara hata moja.
Bakteria wameikumbatia dawa
kama paka anavyojisugua mguuni pa mwenyeji.
Sikushangaa. Wodi ile tunaijua,
vitasa vyake, sinki lake, shuka zinazochemshwa kila siku na bado.
Tuna daftari la waliolazwa
na jingine, jembamba, la watu wa mitaani,
na miaka kumi na tisa nimeuamini ukuta
ulio kati ya jalada na jalada.

Cha kumi na saba ni cha mitaani.
Mwanamke, miaka arobaini na sita, homa, kiuno kinamkata.
Hajalazwa popote tangu alipojifungua.
Sita. Sita. Sita. Sita.
Ya tano ni saba, kama kwa huruma.
Nikakiinua kwenye mwanga, nikafuta rula, nikapima tena,
utadhani kosa ni la rula.

Wahenga walisema sikio la kufa halisikii dawa.
Waje waone.
Hapa lisilosikia ndilo linaloishi,
linazaliana kila dakika ishirini,
linawafunza majirani uziwi.

Ndipo nikasoma jina.
Manana. Mlango wa chini yangu,
anayeniwekea jibini isiyo na chumvi nyingi.
Mwaka juzi, usiku wa theluji, alibisha hodi akikohoa;
nikampa vidonge vinne nilivyobakisha
kwenye droo ya vijiko.
Wiki ile ile akaniletea asali:
"Dawa yako imenikubali."

Siwezi kusema ni vile vinne.
Kuna mkwewe anayefuga kuku, kuna duka la pembeni
lisilouliza cheti, kuna maji.
Hakuna rula ya hilo.
Asali ingali kabatini. Asali haiozi.

Karatasi ya sita imeacha duara,
jembamba kama ukucha uliokatwa.
Nikampigia daktari Tsiala: hiyo moja, ya mshipani,
na muangalie figo.
Akanyamaza kidogo. "Tumlaze basi."
Kitanda kiko ghorofa ya tatu,
mlango unaotazamana na wa Anzor.

Nikavua glavu. Nikanawa vidole, kati ya vidole, kifundo,
nikanawa tena.
Madaftari yote mawili yako wazi mezani
na kalamu sijui niishushe wapi.