Kipilefti

Pale Ceduna mkaguzi wa matunda alipanda, akafungua jokofu,
akachukua malimau mawili na nusu ya boga.
"Poleni," alisema, "sheria."
Fergus akamuuliza kama huyala mwenyewe.
Hapo ndipo nilipojua kwamba tunarudi:
tulipoanza kunyang'anywa vitu kimoja kimoja.

Miezi kumi na minne.
Vumbi la Pilbara bado limo ndani ya mpira wa mlango,
jekundu kama pilipili ya unga.
Nimelifuta kwa kitambaa, kwa mswaki, kwa pamba za masikio,
mwishowe nikaliacha. Basi, liwe mpangaji.
Turubai la kivuli lilichanika Exmouth, usiku wa upepo;
Dougal akalishona kwa mshipi wa kuvulia
huku akitukana chinichini, watoto wasisikie.
Watoto wakasikia, wakajifunza.
Fitzroy Crossing tulikaa siku tisa tukingoja beringi
iliyotumwa kwa basi, ikashushwa mji mwingine.
Tisa hizo ndizo Tamsin huzitaja
akiulizwa ni wapi palipompendeza.
Si matumbawe. Si nyangumi.
Siku tisa nyuma ya gereji, na mbwa wa watu asiye na mkia.

Kwenye mlango wa kabati kuna mistari ya penseli:
Fergus wa Bundaberg, Fergus wa Katherine,
Fergus wa Esperance, vidole viwili juu zaidi.
Mnunuzi wa karavani anakuja Jumamosi.
Ameuliza kwa simu kama milango yote ni mizima.
Nikasema ndiyo.
Kisha nikaenda kutafuta bisibisi.

Jana tulilala Swan Hill, kando ya mto Murray.
Hakuna aliyesema kwamba ni usiku wa mwisho.
Tulikula mayai na kiporo cha viazi, tukacheza karata,
Dougal akamwachia Fergus ashinde,
Fergus akagundua, akasusa, akalala na viatu.
Nikabaki macho nikisikiliza pumzi zao tatu.
Kwa mkono mmoja, bila kuinuka,
ningeweza kumgusa yeyote.
Nyumbani kila mtu ana chumba, na chumba kina mlango.
Nyumbani mtu akikohoa nitauliza: nani huyo?

Leo Alhamisi, Wodonga. Duka la matairi. Kanisa la matofali.
Shule ya sekondari ambayo Tamsin ataingia Jumanne
(aliitazama mpaka shingo ikafika mwisho).
Tukafika kipilefti cha mtaani kwetu. Njia ya tatu ni nyumbani.
Dougal akaipita.

Nilidhani amesahau. Tukazunguka,
karavani ikitufuata na ule mlio wake wa sufuria,
njia ya kwanza, ya pili, ya tatu,
akaipita tena.
Mwanamke aliyekuwa akiosha pipa la taka
alisimama na mpira wake wa maji, akatutazama,
maji yakimlowesha viatu.
Sisi wanne hatukusema neno.

Nchi tuliizunguka kinyume cha saa,
na parafujo ukiizungusha hivyo hulegea.
Kilomita kwa kilomita tulilegea,
vifungo vya shingo, kinyongo cha miaka,
hata ile sauti yangu ya ofisini
ilidondoka mahali, labda Karumba,
na hakuna aliyerudi kuiokota.
Kipilefti huzunguka na saa.
Mume wangu alikuwa anatukaza.
Polepole: fundi yeyote anajua,
ukikaza kwa pupa meno yanalika.

Mzunguko wa nne, Fergus akauliza,
"Kesho ni siku ya pipa lipi? La taka au la majani?"

Dougal akacheka, au alikohoa,
akawasha indiketa ya kushoto.

Nyasi zimefika kwenye sanduku la barua.
Mgeni siku mbili, wanasema, ya tatu mpe jembe.

Tunazo siku mbili.