Damu Ilivuka Seng'enge

Novemba ya Michigan kaskazini haina subira:
saa kumi na moja hivi jua limeshafunga duka.
Nimekaa juu ya jukwaa la mbao alilogongomea baba
kwenye mwaloni uliobakiwa na majani saba.
Nimeyahesabu, sina kazi nyingine.
Vidole vya miguu niliviaga tangu saa nane.
Koti langu la rangi ya chungwa linapiga kelele
ili wenye bunduki wenzangu wasinidhanie nyama.
Kulungu wao hawaioni rangi hiyo.
Kwao mimi ni kipande cha kijivu kinachonuka kahawa.

Sikuja kutafuta pembe za kutundika ukutani.
Friza iliyo chini ya ngazi ina njegere na barafu, basi.
Mgodi ulifungwa Mei; mume wangu Arvo
anahesabu misumari dukani kwa mtu.
Watoto wawili,
na baridi inayokuja ina meno thelathini na mawili.

Alitoka kwenye misonobari taratibu, kama mwenye nyumba,
jike, mnene kwa kula tunda za mwaloni,
akasimama, akageuzia sikio moja upande wangu.
Nilivuta pumzi, nikaitoa nusu.
Baba alikuwa akisema: usifyatue kwa njaa, fyatua kwa jicho.
Nilifyatua kwa njaa.

Mlio ulirudi kutoka kilimani, ukanisuta.

Damu juu ya theluji haina fumbo.
Tone, tone, kisha upana wa kiganja,
kisha tone moja kila hatua tano.
Niliifuata nimeinama kama aliyekatikiwa na shanga,
mpaka kwenye seng'enge.
Upande wa pili ni kwa Vilho Saarela.

Miaka kumi na tisa baba na Vilho hawakupeana salamu.
Futi sita za kinamasi ambazo hata chura hazitaki:
mpimaji huyu akasema hivi, mpimaji yule akasema vile.
Siku tuliyomzika baba, Vilho alikuwa akipasua kuni.
Shoka lake tulilisikia makaburini,
halikukosea pigo hata moja.

Sheria yasema: mnyama wako akivuka, piga hodi.
Haisemi uso uubebe vipi.

Nilitoa risasi, nikaegemeza bunduki kwenye nguzo,
nikaenda, nikagonga.
Alifungua akiwa na soksi moja.
"Nimejeruhi. Yuko kwako."
Alitazama mikono yangu.
"Ulimpata wapi?"
"Nyuma kidogo."
Akaguna, akaingia ndani,
akarudi na karabai na soksi ya pili.

Hatukusema kitu. Mzee wa miaka sabini na saba
aliisoma theluji kama karani asomaye daftari la madeni:
unyoya mmoja uliogandia gogo,
kijiti kilichovunjika leo, si jana.
Mara mbili damu ilikatika,
mara mbili alipiga goti, akagusa, akasema, "Huku."

Tulimkuta kwenye kinamasi kilekile,
ndani ya zile futi sita,
amelala kama aliyeikunja miguu mwenyewe.
Theluji ilimwangukia jichoni na hakupepesa.
Nikasema samahani. Sijui nilimwambia nani.

Kisu kilikuwa cha baba.
Vilho alikileta karibu na taa.
"Mpini huu niliuchonga mimi," alisema.
"Kabla ya wapimaji."
Kisha akashika mguu wa nyuma, akauinua,
nami nikapasua polepole nisitoboe kibofu.
Mvuke ulipanda katikati ya nyuso zetu.
Alivua glavu, akaingiza mikono yake humo na yangu,
tukaota moto.

Ini nilimpa, akakataa.
Nikaliweka juu ya theluji.
Tulilitazama likichimba shimo lake.
"Linataka vitunguu," akasema.
"Ninavyo."

Tulimburuta kwa kamba moja, mimi mbele, yeye kando akikohoa.
Kwenye seng'enge alikanyaga waya wa chini,
akauinua wa juu kwa mikono miwili
mpaka kulungu akapita, kisha mimi.
Nilipogeuka alikuwa bado ameushikilia.