Cha Taifa, cha Kura, Leseni

Asubuhi nakabidhiwa daftari, filimbi,
na kioo cha duara chenye mpini mrefu
kama mwiko wa wali wa matanga.

Nakisukuma chini ya kila gari linaloshuka Bangwe
kuleta watoto kwenye mateleza na mabembea ya ziwani.
Naona tope la Kasulu, jekundu, limeganda.
Naona bomba la moshi lililofungwa kwa waya,
jani la mgomba lililosafiri bure tangu Manyovu.
Bomu sijaliona.
Mwaka wa tatu huu,
na sijui nikiliona nitalijuaje.

"Fungua buti, mzee. Kitambulisho."
Cha taifa, cha kura, leseni, chochote chenye sura.
Navitundika kwenye ubao wa misumari
hadi jioni, watu wakishaoga na kula mgebuka,
waje kudai nyuso zao.
Sikukuu ya Pasaka misumari haikutosha;
nikawalundika kwenye sahani,
mwalimu juu ya mchuuzi, mchungaji juu ya askari,
wote wamekodoa vilevile,
kama walioamshwa kwa kugongewa mlango.

Kigoma hii neno hilo si la kupita tu.
Baba yangu aliitwa Bukuru, pacha wa Butoyi,
na ng'ambo ya mpaka kina Bukuru ni wengi kama dagaa.
Akipanda basi la Tabora anateremshwa kizuizini:
hesabu moja hadi mia kwa Kiswahili,
taja bibi yako, taja bibi wa bibi yako.
Alihesabu vizuri. Alipima mawese sokoni,
hesabu ndiyo iliyotulisha.
Basi likaondoka yeye yuko themanini na tatu.

Jumamosi, saa nne, ikaja korola nyeupe,
nyuma imeinama.
Ruhwanya, muuza vipuri wa Mwanga. Jasho.
Wakubwa wawili, watoto watatu, nimeandika.
"Fungua buti."
"Mihogo tu hiyo, dada."
"Fungua."

Mihogo ilikuwepo. Dumu la mawese lilikuwepo.
Na kati ya dumu na tairi la akiba
mtoto wa kike, gauni la Krismasi,
magoti kidevuni, akipepesa macho kwa jua.

Kiingilio cha mtoto ni elfu tano.
Elfu tano ndiyo iliyomlaza pale.
Baba mtu akageukia ziwa, akaliangalia
kana kwamba limemkosea.

"Jina?"
"Keziya."
"Kitambulisho?"
Sijui kwa nini. Mdomo ulishazoea.

Akafikiri. Akapanua kinywa, akanionyesha pengo.
"Limetoka jana."
Akafungua fundo la leso: jino, dogo kama punje ya mchele.
Kisha akanikagua, viatu hadi kofia:
"Na wewe, chako?"

Changu.
Ndani ya soksi nina karatasi iliyokunjwa mara nne,
tarakimu ishirini.
Kadi inakuja. Inakuja tangu nina mimba ya Yoramu,
na Yoramu sasa anafunga kamba za viatu mwenyewe.

Sikumjibu.
Nikalifunga jino kwenye leso yake,
nikalitundika kati ya leseni ya baba yake
na kadi ya mpiga kura ya mama.
Daftarini nikaandika wanne, nikafuta,
nikaandika watatu na mihogo.

Jioni alirudi nywele zimelowa, amekaa kitini, dirishani.
"Langu," alisema.
Nikatazama jino. Nikatazama pengo.
Nikachukua muda wangu, kama ninavyochukua kwa wakubwa.
Yanalingana. Pita.

Jumatatu meneja akaniita ofisini,
kidole kiko kwenye mstari wa Jumamosi:
"Dafroza, hapa kwenye aina ya kitambulisho,
hili neno ni nini?"