Dakika Kumi na Mbili

Inawaka vizuri. Hilo alilisema mara tatu
kabla hajaketi: inawaka vizuri, binti,
halafu dakika ya kumi na mbili, zii! Giza.
Kama mtu aliyekumbuka jambo akaondoka.

Ameileta kutoka Sikonge kwa basi la alfajiri,
mpakato ndani ya mfuko wa unga,
mfuko ndani ya kikapu,
yeye Kabelele, katibu wa wafuga nyuki,
na humo ndani, alisema akishusha sauti,
mna kilo za watu.
Watu arobaini na mmoja, misimu minne.
Daftari lililiwa na mchwa mwaka juzi.

Mpwa wake ameshaweka dawa ya virusi, mara mbili.
Jirani kasema ni umeme.
Jirani mwingine kasema mengine, hayo tuyaache.

Mimi nina meza moja hapa Isevya,
bisibisi sita, brashi ya rangi isiyowahi kuona rangi,
na trei ya mayai ya kupangia skrubu,
maana ndefu ikiingia tundu la fupi
hutoboa kisichozibika.
Nikatoa betri kwanza. Daima betri kwanza.
Kisha nikaufungua mgongo.

Vumbi lina kwao.
La hapa mjini ni jepesi, rangi ya chai ya maziwa;
la Urambo huja na chembe za tumbaku, chafya itakuambia.
Hili halikuwa vumbi.
Nyuzi nyeupe, nyuzi za waridi, zimejisokota kwenye feni
hadi mapanga yake yamegoma.
Nikavuta mmoja kwa kibano, ukaja, ukaja, ukaja,
kama uzi wa sweta ya mtoto wa shule.

"Huwa mnaifunika?"
Akachungulia barabarani.
Nyumbani kwake, akasema, kila kitu kina kitambaa.
Redio inacho. Runinga, viti, mtungi wa maji.
Mama Nyamizi hufuma jioni, na hii aliifumia cha maua,
kwa ajili ya vumbi. "Huifunika hata nikiwa kazini,
anabakiza kioo na vidole vyangu."

Sasa unamwambiaje mtu
kwamba mapenzi ya mkewe ndiyo yanayoinyonga mashine?
Nikakwangua gundi ya joto iliyokauka kama ugoro,
nikatia mpya, tone la punje ya mtama,
nikaishika feni kwa kidole, nikapuliza,
nikatafuta maneno. Sikuyapata.
Nikasema tu: joto lazima litoke. Hapa ubavuni. Ona.

Aliyaangalia matundu yale kwa muda.
"Mwezi wa kumi," akasema, "jua likikaza,
nyuki husimama mlangoni pa mzinga wakapepea.
Safu kwa safu. Hawatoki, hawaingii, wanapepea tu.
Ukiziba pale, masega yanayeyuka, majana yanakufa."
Kisha akajipiga paji la uso.
"Miaka thelathini nafuga. Mimi!"

Tukaiwasha. Feni ikavuma chini chini.
Dakika kumi na mbili tulikaa bila neno, macho kwenye saa,
na muuza karanga aliyepita akadhani tumegombana.
Ya kumi na tatu ikaja.
Nikanakili kilo za watu kwenye flashi, nikamwagiza:
hii ilale nyumba nyingine,
isilale chumba kimoja na kompyuta.

Alirudi baada ya masika, mashine nzima,
kuja kupulizwa tu, na chupa ya asali kwapani.
Kitambaa kilikuwepo. Maua yale yale.
Ila ubavuni, penye matundu,
Mama Nyamizi alikuwa amefumua, akafuma upya
kidirisha chenye pindo, upana wa vidole vitatu.
Nilifungua mgongo.
Kwenye feni nikakuta nyuzi mbili, za waridi.
Sikusema kitu. Nikapuliza.