Chokaa ya Bikombo

Chokaa ya ukuta huu, Bikombo,
ni mikoko ya Chokocho:
tanuri mbili, siku tatu za moto,
ili nyumba ya harusi yako iwe nyeupe.
Mkataji ni mimi. Shoka la kuazima.

Halafu tukachimba majaruba ya chumvi,
tukainua tuta, tukaifukuza bahari kwa majembe.
Bahari haikugomba.
Ilizunguka nyuma, kimya,
ikaingia bonde la mpunga la kina Shaame.
Mpunga ukapiga wekundu, ukalala.
Tondo nao wakahama, hatujui wapi.

Wakaja wageni na miche mia sita.
Tukapanda kwa kamba, mistari kama ya darasani,
tukapigwa picha.
Kufikia Ramadhani ilibaki minne.

Mwaka huu hatukupanda kitu.
Tulibomoa tuta tu, pahala patatu,
maji yakakumbuka njia yao.
Jana Faki kaniita: njoo uone.
Mbegu moja ya mkandaa
imejichomeka yenyewe topeni.
Imesimama kombo, Bikombo,
pasipo kamba.

Mpunga bado.
Na ukuta wako unabanduka, naona.
Usiniambie nije kuupaka.