Waliozaliwa Mosi Julai

Kila asubuhi, saa moja kasorobo,
kabla ya bei ya karafuu na matangazo ya vifo,
nasoma majina ya watu mashuhuri waliozaliwa leo.
Redio yetu ni chumba kimoja juu ya duka la misumari, Wete.
Upepo ukitulia tunasikika hadi Micheweni,
ukivuma, hadi sokoni tu.

Siku nyingine orodha ni haba:
mwalimu mmoja, bingwa mmoja wa bao.
Ishirini na tisa Februari sina mtu kabisa,
nasoma hali ya hewa mara mbili.

Lakini mosi Julai! Mosi Julai hawaenei ukurasani.
Kidawa Mbarouk, ambaye bibi harusi wa Mkoani
alikubali kungoja siku tatu
mpaka homa imwachie koo.
Faki Sheha, kipa, aliyedaka penalti mbili Gombani
kidole kimevunjika, mkono akauficha kwapani
asije akatolewa.
Jaji Rukia Hamad, aliyemfunga binamu yake
kisha akampelekea futari gerezani.
Makame Pweza, mchekeshaji: watu walicheka
hata matangani kwake, wakaombana radhi.
Na mpiga kanuni wa Chake, na mshona kofia,
na mabondia wawili waliochukiana maisha yao yote.

"Nyota gani hiyo?" akauliza msikilizaji.
Mnajimu wa Utaani akamjibu hewani:
"Saratani, nyota ya kaa.
Watu wake wakishika hawaachii."
Tukaridhika mwaka mzima.

Kisha nikakutana na mama yake Kidawa kwenye foleni ya maji.
"Julai? Mwanangu nimemzaa vuli,
paa linavuja, mkunga kajifunika beseni kichwani."
Dada yake Faki: "Ni kaskazi ile,
ng'ombe wa mchezo alipokata kamba
akaingia jikoni kwetu, mama akaanza uchungu kwa kucheka."
Makame mwenyewe, Mungu amrehemu,
alizaliwa Jumanne, au Alhamisi,
kutegemea nani analipa chai.

Basi nyota si moja.
Mwandiko ndio mmoja.
Nimeuona daftarini, wino wa buluu uliochujuka,
saba yake ina mkia kama wa panya.

Bwana Shaame Mjaka, karani mstaafu, Limbani,
nilimkuta anaziba tyubu ya baiskeli.
Hakuinua kichwa.
"Walikuja watoto wameshaota meno ya pili, wanataka skuli.
Mama hajui tarehe, baba yuko Tanga.
Fomu haitaki 'wakati wa embe', fomu inataka namba.
Nikawapa."

Mbona ile ile? Kwa kuwa ni katikati ya mwaka?

Akapuliza gundi ikauke.
"Binti yangu alizaliwa mosi Julai, alfajiri.
Alasiri tukamzika.
Hakufika siku ya saba, hakupata jina,
na daftari halina safu ya mtu wa nusu siku.
Mimi ndiye karani, nalijua.
Siku yake ikabaki nzima, haijatumika.
Ningeiweka wapi?"
Akaizamisha tyubu kwenye beseni la maji,
akatafuta mapovu.

Mwaka huu nimewasoma wote.
Kidawa, Faki, Jaji Rukia, marehemu Makame,
kanuni, kofia, mabondia, kila mmoja na sifa zake.
Nilipofika mwisho sikufunga kipindi.
Nilinyamaza, nikahesabu kumi na mbili.
Fundi mitambo akanitolea macho nyuma ya kioo,
mkono juu ya swichi.

Simu ya kwanza ilitoka Mtambwe:
"Nyie, mbona redio yenu imekatika?"
Nikamwambia haikukatika.
Ilikuwa zamu ya mtu.